Maji ya Beseni

Ndugu zangu, mnisamehe, nitasema nikiwa nimekaa. Miguu haina neno, ni kichwa ndicho kinachozunguka nikisimama muda mrefu. Na ninyi mliokaa upande huu wa kushoto, mkitaka kuniuliza kitu, inueni mkono. Sikio la upande huu halisikii tena. Mtu anaweza kunitukana kutoka hapo nami nikamjibu asante.

Jambo lingine. Mtaona jicho langu la kushoto linatoa maji. Halilii. Tangu uso wangu ulipoanguka halifungi vizuri, basi linatiririka lenyewe, hata nikiwa ninacheka. Msinihurumie kwa ajili ya jicho. Ngojeni nifike mwisho, ndipo muone kama huruma yenu ni yangu au ni ya mtu mwingine.

Wengi wenu mnanifahamu. Mimi ni fundi wa baiskeli. Nilimaliza sekondari, sehemu ya biashara, na nilidhani nitapata meza katika ofisi moja hapa Makiso, katikati ya mji, nipige mihuri hadi uzee. Ofisi hazikuniita. Baba yangu, aliyetoka Maniema akiwa kijana, aliniachia koleo, pampu na paa la mabati karibu na bandari, na chini ya paa hilo nimekaa zaidi ya miaka thelathini nikitengeneza toleka, baiskeli zinazobeba abiria. Siku hizi pikipiki zimezimeza, lakini bado zipo, na bado zinatoboka.

Sikuwa peke yangu pale. Kulikuwa na mwenzangu. Jina lake sitalitaja, nimeombwa nisilitaje. Alikuwa mtu wa Basoko, mtu wa mtoni, na mdomo wake haukujua kupumzika. Yeye shule aliiacha mapema. Kwa sababu mimi nilisoma, aliniita Directeur, yaani mkurugenzi. Mteja akifika kuniulizia, na mimi nimelala chini ya baiskeli, grisi hadi kwenye kope, yeye alimjibu kwamba niko mkutanoni: "Papa, keti kwanza. Directeur iko mu réunion."

Tulikula sahani moja, makayabu, yaani samaki wa chumvi, na kwanga ya muhogo, kila mchana. Koleo nzuri ilikuwa moja, tulipokezana. Koti la mvua lilikuwa moja, anayekwenda mbali zaidi ndiye aliyelivaa. Mmoja akipata homa na mwingine ana vidonge nyumbani, alivileta. Chini ya lile paa mtu hakumeza kitu peke yake. Ninawaambia haya sasa ili baadaye msiseme nilikuwa mchoyo. Kosa langu halikutoka kwenye uchoyo.

Hata sukari tulikuwa nayo wote wawili. Mimi nilipimwa kwanza, kwenye kituo cha afya cha mtaani, nikapewa vidonge na karatasi ya chakula. Mwenzangu alipimwa mwaka uliofuata. Alirudi akicheka. "Directeur, sasa nyuki watakuya kutufuata hapa." Tulimeza vidonge miezi kadhaa. Kisha tukaona hakuna kinachouma, tukaacha. Ninyi nyote humu ndani ni watu wa sukari, mnajua nasema nini. Sukari haikuumi mwanzoni, na usipoumwa unadhani umepona.

Sasa nije kwenye waya.

Baiskeli ina zile nyaya nyembamba za gurudumu. Ukichukua moja iliyovunjika, ukaigonga ncha kwa nyundo hadi ikawa bapa kama kijiko kidogo, umepata kitu cha kusafishia sikio. Kila fundi wa mji huu aliwahi kuwa nacho. Chetu kilining'inia kwenye msumari, kwa uzi mwekundu. Baada ya chakula, mmoja wetu alikishusha, akakichovya kwenye maji kidogo kisikwaruze, akajikuna taratibu, macho amefumba, mguu unatetemeka kwa raha. Wateja nao walikiomba, na sisi tuliwapa kama mtu anavyotoa kiti.

Papa pale nyuma, wa shati la kijani. Ndiyo, wewe. Naona kifuniko cha kalamu kiko ndani ya sikio lako. Kitoe kwanza. Watu wanacheka, lakini mimi sicheki. Asante, papa.

Bon. Sikio langu la kushoto lilianza kuwasha mwanzo wa mvua. Nikajikuna zaidi. Kuwasha kukageuka kuumwa. Halafu likaanza kutoa maji, kisha usaha wenye harufu, mke wangu akawa anageuza mto upande wa pili. Alinipashia mafuta ya mawese vuguvugu, akanidondoshea. Sikupata nafuu. Jirani akaleta majani aliyoyasaga. Sikupata nafuu. Lakini niliendelea kwenda kazini, na niliendelea kushusha ule waya, maana kwa dakika moja ulinipa unafuu, na kwa unafuu wa dakika moja mtu mzima hufanya ujinga mwingi.

Wiki ya tatu nilienda famasi. Yule muuzaji hakuangalia sikio, na mimi sikumwambia kuhusu sukari. Aliniuzia boksi la sipro, dawa ya kuua vijidudu, vidonge kumi, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Ndani ya boksi mna ile karatasi iliyokunjwa kunjwa, yenye maandishi madogo ya Kifaransa. Wengi wenu mnaitupa. Mimi niliisoma. Nilivaa miwani nikaisoma yote, nimekaa kwenye benchi letu, kwa sababu mimi ndiye Directeur. Iliandikwa kwamba mgonjwa amalize matibabu aliyoandikiwa hata akijisikia vizuri. Nilielewa kila neno.

Nilipokuwa nimemeza vitano, maumivu yalipungua. Asubuhi hiyo nikamkuta mwenzangu ameegemea nguzo, kiganja chake kiko juu ya sikio la kulia.

"Iko nini?" nikamuuliza.

"Sikio, kaka. Inapiga ngoma humu ndani. Labda yako imenitembelea."

"Basi niko na dawa yake."

Nikatoa ile pakiti ya vidonge mfukoni, nikaikata katikati kwa mkasi wa kukatia viraka, nikampa vitano. Aliniuliza vinamezwa vipi. Nikamwambia, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Akauliza, "Na karatasi inasema nini?" Nikamjibu, "Maneno ya wazungu tu. Meza." Tukacheka, tukarudi kazini. Nilijiona mtu mwema sana siku hiyo.

Ndugu zangu, nawaambia, mimi sikumnyima rafiki yangu dawa. Nilimpa nusu ya dawa isiyotosha hata mtu mmoja, na mimi nikabaki na nusu yangu tumboni, na ugonjwa wetu wote wawili ukapumzika siku chache.

Uliporudi, ulirudi mwingine kabisa. Kwanza nilidhani ni jino, maana nilishindwa kutafuna hata lituma, na lituma ni ndizi zilizopondwa, mtoto asiye na meno anaila. Maumivu yalitoka sikioni yakapanda kichwani, yakashuka kwenye taya. Usiku ndiyo yalikuwa na nguvu. Mtu akitazama sikio kwa nje haoni jambo kubwa, na hiyo ndiyo iliyonichosha. Majirani walisema, "Muzee anajidekeza kwa sikio." Wengine walisema nimelogwa. Mmoja alisema nimekunywa kitu kibaya msibani. Nilisikiliza yote. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba angetokea mtu kuniambia ni mwezi umeniingia sikioni, ningemuuliza unatolewaje.

Asubuhi moja nilifika kazini nikasukutua mdomo, maji yakanimwagikia shatini. Mwenzangu akaona.

"Directeur! Leo unakunywa na shati?"

Nikacheka. Yeye akaacha kucheka.

"Cheka tena," akasema.

Nikacheka tena.

"Kaka, upande moja inacheka. Ile ingine inakataa."

Alisimamisha pikipiki yeye mwenyewe. Akanifikisha nyumbani, akamwita mke wangu, akamwambia, "Mama, huyu leo hapana lala hapa. Mupeleke lopitalo." Yeye ndiye aliyeona kwamba nimefika pabaya. Mlikumbuke hilo.

Hospitalini nilipokewa na daktari mwanamke, kijana, umri wa binti yangu wa mwisho. Alinitazama uso, akaangalia sikio kwa taa yake. Alipogusa kidogo tu nilipiga kelele hadi watu wa benchi la nje wakachungulia. Alisema ndani ya tundu kuna nyama nyekundu imeota, hapo chini, pale tundu linapokutana na mfupa. Akaagiza nipimwe sukari. Muuguzi akachoma kidole, akatazama kile kipimo, akamwonyesha daktari.

"Papa, uko na sukari tangu lini?"

Mke wangu akageuka kunitazama. Ndugu zangu, hata yeye hakujua. Ile karatasi ya chakula niliificha ndani ya sanduku la vifaa, chini ya minyororo.

"Siku nyingi," nikasema.

"Na mu sikio unatiaka nini?"

"Hakuna, dokta. Ninasafisha tu. Na waya. Lakini iko safi, ninaiosha kwanza."

"Unaiosha na maji gani?"

Mke wangu akajibu, kwa sauti ya mtu ambaye amekasirika lakini yuko mbele ya watu: "Maji ya beseni, dokta. Ile wanatafutia matobo ya mipira."

Mnalijua lile beseni. Kila fundi wa baiskeli analo. Mpira ukitoboka, unaujaza upepo, unauzamisha, unatazama povu linatokea wapi. Humo huingia matope ya barabara nzima. Na humo ndimo tulimochovya waya wetu kila siku baada ya kula.

Daktari akaweka kalamu chini. "Ile maji, munabadilishaka kila mara ngapi?"

"Ikipunguka," nikasema, "tunaongeza."

Hakucheka, wala hakunigombeza. Alivuta kiti akakaa karibu na sikio langu zuri, akanieleza polepole, na ninajaribu kuwaeleza ninyi vilevile. Alisema waya ulichubua ngozi ya ndani. Maji yaliyotuama yana vijidudu vinavyopenda unyevu, vikaingia kwenye mchubuko. Mtu asiye na sukari, mara nyingi mwili wake unavizuia hapohapo. Lakini mwili wa mzee ambaye sukari yake imepanda muda mrefu ni nyumba isiyo na mlinzi. Vijidudu vinatoka kwenye ngozi, vinaingia kwenye mfupa, na mfupa huo ndio sakafu ya fuvu. Pale sakafuni inapita mishipa ya fahamu. Wa kwanza kuguswa ni ule unaoendesha uso. Ndiyo maana upande wangu ulikataa kucheka.

"Papa, hii si ugonjwa ya matone," akasema. "Ni ya sindano, wiki nyingi. Na ukiacha mu katikati, itarudia, na itakuwa nguvu kuliko dawa."

Kisha akaniuliza swali ambalo ninalisikia hadi leo, hata kwa sikio hili lililokufa.

"Nani mwingine anatumiaka ile waya?"

Nikasema, "Hakuna. Mimi peke yangu."

Mnaniuliza kwa nini nilidanganya. Nimejiuliza zaidi yenu. Niliona aibu. Nilikuwa nimeshakubali waya, nimekubali beseni, nimekubali sukari niliyomficha mke wangu. Kama ningesema "mwenzangu," angeuliza mwenzangu amepata dawa gani, na ningelazimika kusema kuhusu ule mkasi wa viraka. Mimi niliyesoma. Nikaona bora jambo hilo nilimalize mwenyewe, nikitoka, chini ya paa letu, kwa utani.

Walinilaza. Sindano za mshipa asubuhi, mchana na jioni. Insulini. Kila siku muuguzi alisafisha tundu, na kila siku nililia kama mtoto, jicho la kulia kwa uchungu na la kushoto kwa kawaida yake.

Mwenzangu alikuja kunitazama siku ya tano. Alileta ndizi mbivu, muuguzi akazipokonya, akamwambia hizo ni adui yangu. Yeye akamjibu, "Basi nipe miye," kisha akakumbuka kwamba hata yeye zilikuwa adui yake. Akakaa kitandani. Wakati anaongea, niliona mkono wake unapanda kwenye sikio la kulia na kushuka, unapanda na kushuka.

"Sikio yako iko namna gani?" nikamuuliza.

"Iko inapita. Ile dawa yako ilisaidia." Akatabasamu. "Inauma tu mangaribi, jua ikizama."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipopaswa kumshika mkono na kumwita daktari. Daktari alikuwa chumba cha pili. Nilisikia viatu vyake. Mwenzangu akaniambia anateremka Basoko, kuna msiba wa mjomba, atakaa wiki mbili. Nikamwambia asafiri salama. Akaniachia redio yake ndogo. Kesho yake alipanda balenyeri, ile mashua kubwa ya mbao yenye injini, akateremka mto.

Maumivu yangu yalianza kutulia wiki ya pili. Wiki ya tatu nilitafuna. Asubuhi moja, wakati wa kusafisha sikio, daktari alikuwa na wanafunzi wawili. Aliwaonyesha uso wangu, akawaambia mimi nilichelewa lakini nilifika. Asiyefika, alisema, ugonjwa unaendelea chini ya fuvu, unagusa mishipa ya koo. Mtu anapoteza sauti. Anashindwa kumeza. Baadaye hakuna la kufanya.

Sikio baya lilikuwa mikononi mwake. Zuri lilisikia lote.

Nikasema, "Dokta, nilikudanganya."

Nilimwambia kila kitu, mbele ya wale wanafunzi. Waya, vidonge, mkasi, karatasi niliyoisoma. Akaacha kusafisha sikio.

"Ile mutu iko wapi?"

"Basoko."

"Mupigie sasa. Sasa hivi, papa."

Simu haikupita. Tulijaribu siku nzima. Mwishowe mke wangu alienda bandarini, akatafuta balenyeri inayoteremka, akampa nahodha barua niliyoiandika. Barua ya mistari mitatu: rudi, usingoje msiba uishe, ugonjwa wetu ni mmoja. Niliiandika vizuri, kwa mwandiko wa shule.

Kupanda mto ni kazi, mnajua. Kulikuwa na mvua, kulikuwa na injini iliyoharibika mbele ya Isangi. Zilipita karibu wiki mbili kabla hajafika. Wakati huo mimi niliruhusiwa kutembea, na nilitembea hadi lango la hospitali kila asubuhi, nikakaa kwenye jiwe.

Alifika mgongoni mwa mpwa wake. Uso wake umeanguka upande wa kulia. Tukawa kama mtu na kioo chake. Sauti ilikuwa imekwenda, kilichobaki ni kama upepo unaotoka kwenye mpira. Maji akinywa yalimpalia. Daktari alifanya yale yale aliyonifanyia mimi, dawa ile ile, na zaidi. Nilihamisha kiti changu kando ya kitanda chake.

Siku ya tatu alinipa ishara nisogee. Nikaweka sikio langu zuri mdomoni mwake.

"Directeur. Ile karatasi ya dawa. Uliisoma?"

"Niliisoma."

"Ilisema nini?"

"Ilisema tumalize."

Aliangalia dari. Hakuwa na hasira, ningependa angekuwa nayo.

"Ungenisomea," akasema.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyaelewa. Alikaa siku sita nyingine, kisha akaondoka, asubuhi, mvua inanyesha kwenye mabati, na mimi nilikuwa nimemshika mguu kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na sindano.

Nipeni maji kidogo.

Asante, mama, kwa maji.

Nilirudi nyumbani na vidonge vya wiki nyingine nyingi. Ndugu zangu, ilifika siku nikasema simezi tena. Sikio haliumi, na yule aliyestahili kupona hakupona, mimi namezea nini? Nililiweka boksi juu ya kabati. Mke wangu hakunigombeza. Alilishusha, akatoa ile karatasi ya ndani, akanipa miwani yangu, akasema, "Nisomee." Yeye hajui Kifaransa. Nikasoma, nikamfasiria, mstari kwa mstari, hadi ile sehemu. Nikashindwa kuendelea. Akanipa kidonge na maji. Tangu siku hiyo sikuruka hata kimoja, hadi daktari mwenyewe aliponiambia basi. Ilikuwa zaidi ya miezi miwili tangu sindano ya kwanza. Uso umerudi nusu. Sikio halikurudi.

Siku arobaini zilipopita, mke wa marehemu alikuja nyumbani. Nilijua anakuja kunilaumu, nikamwekea kiti kizuri. Alifungua fundo la kitenge, akatoa kiberiti. Ndani ya kiberiti kulikuwa na vidonge viwili vya sipro, bado vimo kwenye kipande cha pakiti yake, kilichokatwa kwa mkasi.

"Alimeza tatu," akaniambia. "Hii mbili alikukamatia, akakuwekea. Alisema kama sikio ya Directeur itarudia, nitamurudishia."

Hivi hapa. Ninatembea navyo mfukoni. Si vya kumezwa.

Nilipiga magoti. Nilimwomba anisamehe. Alisema hana nguvu ya kunichukia, ana shamba la kulima. Akasema, "Kama unataka kunifanyia kitu, simama mbele ya batu ya sukari, useme. Hapana taja jina yake. Sema tu ile mulifanya." Yuko humu ndani. Mama, nimesema.

Sasa nishukuru, kisha niwaache. Ninamshukuru daktari yule, ambaye aliendelea kunitunza baada ya kujua mimi ni mtu gani. Ninawashukuru wauguzi waliovumilia kelele zangu. Ninamshukuru nahodha aliyefikisha barua na hakutaka kitu. Ninamshukuru mke wangu, niliyemficha ugonjwa na yeye hakunificha chochote. Na ninamshukuru aliyesimamisha pikipiki.

Na kama kuna la kujifunza, ni hili. Tuendelee kugawana sahani, koti, kazi. Dawa ya boksi kila mtu na yake, kwa mkono wa anayejua, hadi mwisho. Mwenzako akiumwa, mpeleke yeye kwenye dawa, usimletee yako. Na sisi wenye sukari, sikio letu tusilichezee. Likitoa usaha, likauma kuliko linavyoonekana, likakukatalia kutafuna, likakuamsha usiku, matone yakashindwa, usingoje mdomo wako upinde. Sema una sukari kabla hujaulizwa. Na lile beseni libaki na mipira yake. Ule waya niliukunja, nikautupa ndani ya choo.

Sasa, papa wa shati la kijani. Nimekutazama wakati wote, na kile kifuniko umekirudisha mara mbili. Linakuwasha au linakuuma? Sikusikii, njoo upande huu wa kulia. Karibu zaidi.

Wiki tatu. Na usiku?

Ulikwenda famasi? Wakakupa nini? Uko nayo hapo? Nionyeshe. Umekata nusu, papa. Nusu nyingine umempa nani? Shemeji?

Mama mwenyekiti, nisamehe, utafunga mkutano bila sisi. Mke wangu, niletee fimbo. Papa, chukua kofia yako, twende hospitali, na njiani tutapita kumchukua shemeji yako. Hapana, si Jumatatu. Tunakwenda sasa.